Sungura wa mbegu za kale kwa nyama ya nyumbani: cha kuandaa kabla hawajafika

Swali: Mimi na mume wangu tuna watoto watatu na nafasi ya kutosha nyuma ya nyumba. Tunataka kufuga sungura kwa kitoweo chetu wenyewe, si biashara. Nimezipenda zile mbegu za kale, hasa Silver Fox na American Chinchilla, ila shemeji yangu anayefuga ananicheka. Anasema nichukue New Zealand weupe niachane na mapambo. Je, nianze na wangapi, niandae nini kabla hawajafika, na nitajuaje kama nimeuziwa mbegu yenyewe? Na kuna jambo naona haya kulisema: sina hakika kama nitaweza kuwachinja. Wanangu wameshaanza kuchagua majina.

Jibu: Dada, hilo ulilolionea haya ukaliweka mwisho ndilo nitakaloanza nalo, kwa sababu mengine yote yanalitegemea.

Sungura jike hubeba mimba siku 31 hivi, huzaa watoto 6 hadi 10 kwa mpigo, na anaweza kushika mimba nyingine hata kabla hajawaachisha kunyonya. Ukipandisha majike matatu leo, miezi minne baadaye una vijana wapatao 20 wanaokula kutwa kucha, na madume yameanza kuumana. Mfugaji ambaye hajaamua atafanya nini siku hiyo huahirisha wiki moja, kisha mwezi, huku chakula kinakwisha na vizimba vinajaa. Wengi ninaowajua walioacha kazi hii hawakushindwa na ugonjwa wala gharama. Walishindwa kuchinja, wakabaki na sungura wanaozeeka ndani ya waya.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata msumari, tafuta mfugaji anayechinja wa kwake, umwombe usimame pembeni uangalie kazi nzima kuanzia kumtoa mnyama kizimbani hadi nyama inapoingia kwenye jokofu. Ukitoka hapo moyo haujakataa, rudi siku nyingine ufanye kwa mkono wako yeye akikusimamia. Ipo njia ya kuvunja shingo, ambayo ikifanywa na aliyefundishwa humpotezea mnyama fahamu mara moja. Ipo ya kuchinja kwa kisu kikali, na kwa wale ambao dini inawataka hivyo hakuna mjadala. Usijifunze yoyote kati ya hizo kwa kusoma maelezo yangu, kwa sababu mkono unaosita ndio unaomtesa mnyama. Chakula kiondolewe saa 12 hivi kabla, maji yabaki. Tumbo likiwa limepungua, matumbo hutoka bila kupasuka na nyama haichafuki.

Ukigundua huwezi kabisa, bado unaweza kufuga, mradi umeshakubaliana na mume wako, shemeji au jirani kwamba kazi hiyo ni yake, na tarehe inapangwa siku watoto wanapoachishwa kunyonya. Kuhusu majina, waambie wanao kwamba wazazi ndio wenye majina, vijana wa nyama wana namba. Watoto huelewa jambo hili haraka kuliko tunavyodhani, alimradi wasidanganywe.

Sasa tuje kwa shemeji. Ana ukweli wake. New Zealand, ambaye licha ya jina lake alitengenezwa Marekani, amechaguliwa kwa miaka mingi kwa jambo moja: kukua upesi. Wa ukoo mzuri hufikia kilo 2.3 hivi akiwa na wiki 8 hadi 10. Silver Fox au American Chinchilla wengi watakuchukua wiki 12 hadi 14 kufika hapo au kupita kidogo. Hizo ni wiki nne za chakula zaidi kwa kila kichwa, na ukipiga hesabu ya chakula peke yake, shemeji ameshinda.

Ila wewe hufugi kwa ajili ya machinjio, na mbegu hizi hazikuwahi kuwa mapambo. Silver Fox alitengenezwa na Walter Garland huko Ohio, Marekani, akakubaliwa rasmi mwaka 1925 akiwa sungura wa nyama na ngozi kwa pamoja. American Chinchilla ametokana na Chinchilla mdogo wa Ufaransa, aliyeonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1913. Wamarekani walimpenda ila wakataka mwenye nyama zaidi, wakamkuza hadi akatambuliwa mwaka 1924 kama mbegu ya uzito mkubwa. Walipendwa kupita kiasi: kati ya Novemba 1928 na Novemba 1929 walisajiliwa Chinchilla zaidi ya 17,000 nchini humo. Kisha biashara ya manyoya ya sungura ikaporomoka, watu wakawaacha, na leo American Chinchilla na Silver Fox wote wamo kwenye orodha ya sungura wanaofuatiliwa na The Livestock Conservancy, shirika la Marekani linalolinda mifugo adimu.

Nimekusimulia hayo kwa sababu moja. Sungura hawa hawakupungua kwa kuliwa. Walipungua baada ya watu kuacha kuwatumia, na hata waliobaki wengi wakafugwa na watu waliopenda rangi bila kupima uzito. Mbegu ya nyama hudumu ikiwa kuna mtu anayechagua nani abaki azae na nani aende jikoni, kizazi baada ya kizazi. Ukichukua mbegu ya kale, kazi hiyo inakuwa yako, na maandalizi yako yote yafuate hapo. Ukiona hiyo ni kazi usiyoitaka, msikilize shemeji, wala hutakuwa umekosea.

Kuitambua mbegu si kugumu kwa hao wawili uliowataja. Silver Fox ana manyoya mazito yenye urefu wa karibu sentimita 4. Yasugue kuelekea kichwani uondoe mkono: yanabaki yamesimama mpaka uyalaze mwenyewe. Yakijirudisha chini mara moja, huyo ni mweusi mwenye mvi tu, au amechanganywa. Watoto huzaliwa na rangi moja, na nywele nyeupe zinazochanganyika na rangi hiyo huanza kutokea wakiwa na wiki 4 hivi, hivyo usishangae kuonyeshwa watoto weusi tii. Kwa American Chinchilla, pulizia manyoya ya ubavuni. Utaona duara lenye tabaka: chini samawati iliyokolea, juu yake rangi ya lulu, kisha mstari mwembamba mweusi, na ncha zilizochanganya nyeupe na nyeusi. Halafu mpime. Jike mzima ni kilo 4.5 hadi 5.4. Ukiuziwa jike mzima wa kilo 3 kwa jina hilo, umepewa yule Chinchilla mdogo, ambaye ni mzuri kwa namna yake lakini hatajaza sufuria ya watu watano.

Hata hivyo, swali la kumuuliza muuzaji kuliko yote si la manyoya. Muulize: vijana wako wana kilo ngapi wakiwa na wiki 8, na wakiwa na wiki 12? Mfugaji wa kweli atafungua daftari. Asiye na daftari atakuambia "wanakua vizuri tu", nawe umshukuru uondoke. Ndani ya mbegu moja, tofauti ya ukoo na ukoo inaweza kuzidi tofauti ya mbegu na mbegu. Nimeona Silver Fox waliowaacha nyuma New Zealand wa mtu mzembe, na nimeona Silver Fox wa wiki 16 ambao hawakufaa hata supu. Ukiwa hapo, funua midomo uangalie meno ya mbele: ya juu yakae mbele kidogo ya ya chini, yasipishane. Kagua masikio ndani, nyayo za nyuma, na sehemu za siri zisiwe na magamba wala vidonda. Tazama upande wa ndani wa miguu ya mbele. Manyoya ya hapo yakiwa yamegandamana, mnyama amekuwa akijifuta kamasi, hata kama muuzaji alimsafisha pua asubuhi ile.

Wangapi? Tufanye hesabu. Mlio watu watano mtaridhika na sungura mmoja kwa wiki, maana kijana wa kilo 2.5 hutoa nyama ya kilo 1.2 hadi 1.4 pamoja na mifupa. Jike anayepandishwa tena watoto wake wanapofika wiki 8 atazaa mara nne kwa mwaka bila kuchakaa. Akifikisha sita kwenye kuachishwa kila mara, hao ni 24. Majike matatu ni 72, toa wanaokufa na wale utakaowabakiza kuwa wazazi, unabaki na kama 60. Mwaka wa kwanza hesabu hiyo haitafika, kwa sababu majike yatakuwa machanga na uzao wa kwanza mara nyingi huharibika. Anza hivyo hivyo.

Madume chukua mawili, ingawa kwa kazi moja lingetosha. Joto kali likimpiga dume, mbegu zake za kiume hufa naye hurudi kuwa na uwezo baada ya wiki kadhaa, pengine miezi miwili, na wewe hutajua mpaka uone majike hayazai. Sababu ya pili ni damu. Ukinunua kaka na dada watatu wa tumbo moja, umenunua mwisho wa safari. Tafuta wafugaji wawili ambao hawajawahi kuuziana, chukua majike kwa mmoja na walau dume moja kwa mwingine, na uombe karatasi ya ukoo inayoonyesha mababu wa vizazi vitatu.

Kwenye vizimba ndiko wanaoanza hujikwaa. Watu huhesabu wazazi, wanajenga vizimba vitano, kisha watoto wanaachishwa na hakuna pa kuwaweka. Kila mzazi akae peke yake. Jike mkubwa wa mbegu hizi anahitaji nafasi ya sentimita 75 kwa 90 na kimo cha 45 au zaidi. Kizimba cha ukubwa huo kinabeba vijana wanne wanaokua, na ukizingatia kwamba wiki ya 10 hadi 12 itabidi utenganishe madume na majike, utahitaji vinne kwa ajili yao. Ongeza kimoja cha mgeni au mgonjwa, kikae mbali na vingine. Jumla 10. Ukiona 10 ni vingi, punguza majike, usipunguze vizimba vya vijana.

Sakafu iwe ya wavu wa chuma uliochomelewa, waya mnene wa geji 14, matundu ya sentimita 1.25 kwa 2.5, upande laini ukiwa juu. Wavu wa kuku haufai kabisa: hukata nyayo, hulegea, na mbwa huupasua kwa meno. Mbao za sakafuni hunywa mkojo na kuwa shamba la vijidudu. Weka kibao kimoja kidogo cha kupumzishia miguu, unachoweza kukitoa na kukianika juani. Sungura wazito wanaokosa pa kupumzika hupata vidonda vya nyayo, na jike mwenye vidonda vya nyayo hana hamu ya dume.

Kuhusu banda lenyewe, ukikumbuka jambo moja kumbuka kivuli. Sungura huvumilia baridi vizuri ajabu, hata chini ya nyuzi sifuri, akiwa mkavu na amekingwa upepo. Joto ndilo linalomuua. Hatoki jasho, masikio ndiyo yanayomtolea joto, na hewa ikipita nyuzi 30 kazi hiyo inamshinda. Utamkuta amejinyoosha, mdomo wazi, pua imelowa. Hapo mloweshe masikio kwa maji ya baridi ya kawaida, umpelekee chupa ya maji yaliyoganda aiegemee, na usisubiri jioni. Jenga chini ya mti au paa lililo juu, ukuta mmoja au miwili iwe wazi, na upepo upite bila kuwapuliza moja kwa moja. Kisha jaribu hewa ya banda kwa kuinama mpaka pua yako ifike usawa wa pua ya sungura. Macho yakiwasha, amonia ya mkojo imeshazidi na mapafu yao yanaumia, hata kama ukisimama husikii harufu yoyote. Mbolea inayodondoka chini ni mali nyingine. Ni moja ya chache zinazoweza kuwekwa bustanini bila kuozeshwa kwanza.

Panya, nyoka, paka na mbwa uwafikirie kabla hawajakufikiria wao. Na uulize sheria za unapoishi. Kuna maeneo yanayoweka kikomo cha idadi ya wanyama nyumbani, na kuna mahali kama jimbo la Queensland, Australia, ambako raia haruhusiwi kufuga sungura hata mmoja wa kumpapasa.

Chakula si kigumu kama watu wanavyokifanya. Msingi ni peleti, yaani chakula cha dukani kilichosagwa na kubanwa kuwa vipande vidogo, zenye protini asilimia 16 hadi 18 na nyuzinyuzi za kutosha, nyasi kavu safi kila siku, na maji. Mzazi asiyenyonyesha apate gramu 150 hadi 200 za peleti kwa siku. Akizidishiwa ananenepa, na jike mnene hashiki mimba au huzaa watoto wachache. Anayenyonyesha na vijana wanaokua wale watakavyo. Majani mabichi ni mazuri na hupunguza gharama, ila yaongezwe kidogo kidogo, na ukiyafanya kuwa chakula kikuu, kubali kwamba vijana watachelewa zaidi. Usiwape majani ya parachichi, viazi mviringo wala nyanya. Ukimwona sungura akiinama na kula kinyesi laini kinachotoka kwake mwenyewe, mwache. Ndivyo anavyopata vitamini na protini zilizotengenezwa tumboni, na bila hicho hudhoofika.

Maji hayapewi heshima yanayostahili. Sungura hunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula kikavu anachokula, na jike mwenye watoto wakubwa anaweza kumaliza lita 2 au zaidi kwa siku. Chupa ikiziba asubuhi, jioni maziwa yamepungua. Kagua kwa kidole, usikague kwa jicho.

Siku wanapofika, watengwe siku 30 hata kama kila mmoja anaonekana mzima. Omba chakula kidogo walichozoea kwa muuzaji ukichanganye na chako kwa wiki moja hivi, maana mabadiliko ya ghafla ya chakula huua haraka. Katika mwezi huo mtaanza kuzoeana, nawe utaona nani anapiga chafya.

Majike ya uzito huu yapandishwe yakifika miezi 6 au 7, na madume hivyo hivyo. Mpeleke jike kwa dume, usifanye kinyume chake, kwa kuwa jike hulinda kwake kwa meno. Sungura hana siku za joto kama ng'ombe. Yai hutoka baada ya kupandwa, saa 10 hivi. Dume akishamaliza huanguka ubavu, mara nyingine kwa mguno. Rudia baada ya saa chache ukitaka uhakika. Mimi hupenda kupandisha majike mawili siku moja, ili anayezaa 11 agawane na anayezaa wanne. Majike mengi yana chuchu 8 na hayabagui mtoto wa mwenzake akiwekwa kiotani akiwa mdogo.

Sanduku la kuzalia liingie siku ya 28, lisiwe kubwa: sentimita 45 kwa 30, kimo kama 30, lijazwe nyasi kavu. Likiwekwa mapema mno jike hulifanya choo. Atajing'oa manyoya ya kifuani na kuyatandika. Akishazaa, mtoe kidogo umpe jani analolipenda, kisha kagua kiota, uondoe waliokufa na uhesabu. Baada ya hapo utaogopa, kwa sababu hutamwona akinyonyesha. Sungura hunyonyesha mara moja kwa siku, wakati mwingine mbili, kwa dakika chache tu, mara nyingi usiku au alfajiri. Usimlazimishe. Tazama matumbo ya watoto: yakiwa yamejaa na duara, mama anafanya kazi. Ukimkuta mtoto nje ya kiota amepoa, mpashe joto kwanza kabla ya kumtangaza maiti. Wengi hurudi.

Uzao wa kwanza ukiharibika, msamehe. Wa pili, msamehe ukinung'unika. Wa tatu, jike huyo aende jikoni, awe na jina asiwe nalo.

Na hapa ndipo nataka uniskilize kuliko popote. Utakapokuwa na vijana 14 wa wiki 12 na wageni wa kuwapikia, mkono wako utamwendea yule mkubwa kuliko wote. Ni kawaida, ndiye mwenye nyama. Kisha utamwendea wa pili kwa ukubwa. Ukija kutafuta jike la kubakiza, watakuwa wamebaki wale wadogo, na mmoja wao atakuwa mama wa kizazi kijacho. Fanya hivyo vizazi vitatu na utakuwa umeitengeneza mbegu ya sungura wadogo wanaochelewa kukua, halafu utasema shemeji alikuwa sahihi. Nina hakika mbegu nyingi za kale zimeharibiwa namna hiyo, na watu walioamini wanazihifadhi.

Kwa hiyo pima kila mtoto kwa mzani ule ule akiwa na wiki 8, kisha wiki 12, uandike. Watie namba sikioni kwa chale ya wino au hata kalamu ya alama inayorudiwa kila wiki. Kutoka kila uzao tenga majike mawili bora kabla hujachinja yeyote. Bora maana yake: uzito mzuri, tena wa tangu wiki ya 8, kiuno kipana unachokijaza kiganja ukikishika kwa juu, chuchu 8 au zaidi zote zikiwa nzima, meno sawa, na mama aliyewafikisha watoto wengi kwenye kuachishwa. Tabia ihesabiwe pia. Jike anayekung'ata kila ukimwekea chakula atakufanya uchukie kazi, na watoto wake huwa na moto huo huo. Rangi na manyoya viwe vya mwisho, ingawa visisahaulike kabisa, la sivyo Silver Fox wako atageuka kuwa sungura mweusi wa kawaida. Kati ya hao wawili, mmoja atabaki akifika miezi 5 na mwingine ataliwa. Mwaka wa tatu majike yako ya kwanza yatakuwa yameshapisha mabinti zao.

Magonjwa nitayapitia upesi. Chafya na kamasi nyeupe zisizoisha ni dalili ya pasterela, ugonjwa wa bakteria wa njia ya hewa; mnyama huyo asizae, hata akipata nafuu kwa dawa, kwa sababu hubaki na vimelea na kuwapa wengine. Watoto waliotoka kuachishwa wakivimba matumbo na kuharisha, fikiria koksidia, vimelea vidogo vya tumboni, na ujue kinga yake ni sakafu kavu na chakula kisichogusana na kinyesi. Magamba ndani ya masikio ni utitiri, hutibika. Kinachotisha ni ugonjwa wa virusi unaovujisha damu ndani, uliogunduliwa China mwaka 1984 na kufuatiwa na aina ya pili iliyojitokeza Ufaransa mwaka 2010. Huua sungura wazima ndani ya siku chache, mara nyingine bila dalili yoyote, na husafiri kwa nguo, viatu, nzi na majani yaliyokanyagwa na sungura wa porini. Ziko nchi zenye chanjo yake, kwa hiyo muulize daktari wa mifugo. Mgeni anayefuga sungura asiingie bandani kwako na viatu vyake, hata kama ni shemeji.

Siku ya kuchinja, angalia ini kila mara. Ini zima ni jekundu la kahawia, laini, bila alama. Likiwa na vijivimbe au michirizi myeupe, mara nyingi ni koksidia ya ini: litupe, na banda likafanyiwe usafi. Ukiona vidoa vidogo vyeupe vingi kwenye ini na wengu pia, usile chochote cha mnyama huyo, usimshike bila glavu, na mtafute daktari. Mfuko wa nyongo uutoe bila kuupasua.

Nyama usiikimbize sufuriani ikiwa ya moto. Ipoze, ikae kwenye jokofu siku moja hadi mbili mpaka ukakamavu uishe, ndipo uipike au uigandishe. Inayogandishwa mapema hutafunika kama mpira na watu husingizia mbegu. Haina mafuta mengi, kwa hiyo kijana wa wiki 12 hadi 14 anafaa kukaangwa au kuchomwa ukimpaka mafuta, wakati mzazi aliyestaafishwa anataka moto mdogo na saa mbili au tatu za mchuzi. Na kwa kuwa madume na majike hukua kwa mwendo tofauti kidogo, panga siku za kuchinja kwa uzito ulioandika, usizipange kwa kalenda.

Wanunue mwanzoni mwa msimu wa baridi ukiweza, wakiwa na miezi 4 hivi. Watakuwa wameshazoea banda na mikono yenu kabla joto halijarudi, na wewe utakuwa umepata miezi miwili mitatu ya kumalizia vile vizimba vinne vya vijana, ambavyo najua utakuwa hujavimaliza.